Unataka kuwinda Masasi au Newala? Anza na kibali, bunduki baadaye

Kila ifikapo kiangazi, majani yakikauka na mashamba yakibaki wazi, simu na ujumbe wa kuulizia habari za uwindaji huongezeka hapa studio. Vijana wanauliza: naanzaje? Wengine wanauliza kama gobore la marehemu babu linaweza kutumika. Kina mama wanauliza kama ni kosa kununua kitoweo cha swala kinachopitishwa nyumbani usiku. Na wazee wanatuuliza swali ambalo ni gumu kuliko yote: mbona sisi tulikuwa tunawinda na hakuna aliyetufunga?

Makala haya yanakusanya majibu tuliyoyatoa kwa vipande vipande hewani, ili uyasome kwa utulivu kwenye simu yako na umsomee na jirani.

Jibu fupi ni hili: kuwinda kwa halali kunawezekana kisheria, lakini kunaanzia ofisini kabla ya kufika porini. Na hata ukiwa na karatasi zote mkononi, kuna namna ya kuwinda inayompa mtu heshima na namna inayomwondolea.

Mnyama wa porini ni wa nani?

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Kuku aliye uani ni wako. Nguruwe pori aliyeingia kwenye mihogo yako si wako, hata kama amekula mihogo yako yote.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya Watanzania. Kwa hiyo anayeua mnyama bila kibali anahesabiwa kuwa amechukua mali ya watu wote.

Sheria hiyo inaliangalia neno "kuwinda" kwa upana. Kumfukuza mnyama, kumvizia, kumtega na kumkamata akiwa hai, vyote ni kuwinda. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi sina bunduki, nategea waya tu" hajajitoa kwenye sheria. Tena sheria haijali wanyama wakubwa peke yao. Ndege nao wamo.

Neno lingine la kulijua ni "nyara". Wengi wakilisikia wanafikiria meno ya tembo. Nyara ni pamoja na nyama, ngozi, pembe, mifupa, kwato, manyoya na hata mayai. Mkia wa mnyama ulioning'inizwa ukutani bila hati ni nyara ya Serikali ambayo mwenye nyumba atatakiwa kuieleza.

Kipande cha nyama na miaka jela

Tunaomba sehemu hii isomwe na kila mtu, hata asiyewahi kuota kwenda porini.

Kukutwa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 20 na zaidi. Kesi nyingi za aina hii hufunguliwa kama uhujumu uchumi, na dhamana yake si ya kupata kirahisi.

Mwaka 2023 mkoani Iringa, mama mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 22 baada ya kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala. Nchi nzima ilizungumza habari ile. Baadaye Mahakama Kuu ilimwachia huru. Lakini kabla ya kuachiwa alikuwa ameshaonja jela, na familia yake ilikuwa imeshaonja machungu ya kumkosa.

Somo kwetu ni kwamba aliyepiga mnyama anaweza kuwa mbali kabisa, na aliyekaa na sufuria jikoni ndiye anayekamatwa. Nyama iliyofungwa kwenye gazeti au mfuko wa rambo, inayouzwa gizani kwa bei ya kuvutia, haina maelezo mbele ya hakimu.

Kama hamu ni ya nyama tu, njia halali ipo. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Ukinunua huko, dai risiti na uitunze mpaka nyama iishe. Kama hakuna bucha la namna hiyo karibu nawe, mbuzi na kuku hawajawahi kumfunga mtu.

"Zamani tuliwinda bila karatasi"

Wazee wetu hawasemi uongo. Watu wa nyanda hizi, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, waliwinda kwa vizazi vingi. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda hadi Newala akiandika maisha ya wenyeji. Katika kitabu alichokitoa baadaye kuna michoro ya mitego aliyoiona: wa swala, wa kanga, wa wanyama wakubwa, na hata wa panya. Kwa hiyo ufundi ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa.

Lakini kilichobadilika ni zaidi ya sheria. Watu tumeongezeka, mikorosho imejaa, waya wa chuma unapatikana dukani, na bodaboda inafika mahali ambapo zamani mwindaji alitembea siku mbili. Mtego wa kamba ya mti ulikuwa unaoza. Waya hauozi. Aliyeutega anaweza kuwa amehama kijiji, na waya bado unakaba shingo.

Angalia yaliyowapata tembo wa ukanda wetu wa kusini. Miaka ya 1970 eneo la Selous lilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 katika Selous na Mikumi ilikuta 13,084. Ujangili wa meno ndio uliowamaliza. Ndiyo maana Serikali ilikaza kamba, na kamba hiyo ikimfika jangili wa meno humfika na mtega swala.

Historia ya kusini ina mfano mwingine mzuri. Bwana nyama maarufu wa enzi za Mwingereza, C. J. P. Ionides, ambaye wengi walimjua kwa kukamata nyoka huku kwetu, alianza maisha ya porini kama jangili wa tembo. Baadaye aliingia Idara ya Wanyamapori na kuishia kuwa mlinzi wa pori la Selous. Mtu anaweza kubadili upande.

Wapi panaruhusiwa, wapi hapaguswi

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala ukatazama chini kwenye bonde la Ruvuma, unaona pori mpaka Msumbiji. Lisikudanganye kwamba ni pori la bure.

Upande wa magharibi tuna mapori ya akiba mawili ya jirani: Msanjesi, na Lukwika-Lumesule lililoko wilaya ya Nanyumbu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Masasi. Lukwika-Lumesule linapakana na mto Ruvuma, na ng'ambo ya pili ni pori kubwa la Niassa. Wanyama huvuka mto bila pasipoti. Mapori ya akiba yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016. Kuingia humo bila kibali ni kosa, hata ukisema ulikuwa unatafuta asali. Kuingia na silaha, upinde au waya ni kosa juu ya kosa.

Wageni kutoka nje wanaokuja kuwinda hupitia kampuni zenye vitalu. Huo ni uwindaji wa kitalii na una taratibu zake. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi nao wameruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula chao kama jamii ya asili. Mwananchi wa Masasi au Newala hayumo kwenye makundi hayo. Yeye yuko chini ya uwindaji wa wenyeji, ambao hufanyika kwenye maeneo yaliyotajwa kwenye leseni tu.

Hatua kwa hatua

Kwanza, nenda ofisi ya wanyamapori ya halmashauri yako. Afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye wengi wetu bado tunamwita bwana nyama, ndiye mlango wako. Usimwogope. Anayekwenda kuuliza kabla ya kuwinda hajafanya kosa lolote. Muulize maswali haya matano:

1. Je, uwindaji wa wenyeji umefunguliwa mwaka huu?
2. Msimu unaanza lini na kufungwa lini?
3. Ni eneo gani linaruhusiwa?
4. Ni wanyama gani, na wangapi?
5. Ada ya kila mnyama ni kiasi gani, na inalipwaje?

Swali la kwanza ni la lazima, kwa sababu uwindaji wa wenyeji umewahi kusimamishwa na Serikali. Jibu la mwaka juzi halikusaidii mwaka huu. Kwa kawaida msimu huanza Julai Mosi, baada ya mvua, wakati wanyama wengi wameshavuka kipindi cha kunyonyesha wadogo.

Pili, silaha. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya kijiji, kwa watu wanaokufahamu, yakapanda hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama. Wanataka kujua tabia yako: una ugomvi wa mara kwa mara? Unakunywa kupindukia? Umewahi kufungwa kwa kosa la kudhuru mtu? Wanataka pia kuthibitisha kwamba unajua kuitumia silaha na kwamba una mahali salama pa kuifungia.

Na gobore la marehemu babu? Silaha hairithiwi kama jembe. Leseni ilikuwa ya babu, na yeye hayupo. Gobore lililotengenezwa kienyeji bila leseni ni silaha haramu hata kama halijawahi kufyatuliwa. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ambapo mtu anasalimisha silaha bila kushtakiwa. Usingoje likutwe darini. Mwone mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi, ueleze, upewe utaratibu wa kulisalimisha.

Tatu, leseni yenyewe ya uwindaji. Itaandikwa jina lako, aina ya mnyama, idadi na eneo. Ukipewa kuro mmoja, ni kuro mmoja. Ukikutana na pofu amesimama vizuri namna gani, mwache apite. Leseni haiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Nne, siku ya kuwinda. Beba leseni ya uwindaji, leseni ya silaha na kitambulisho chako, siyo picha zake kwenye simu. Toa taarifa kijijini unakokwenda kuwinda. Wanakijiji wakisikia mlio wa bunduki bila taarifa watapiga simu polisi, na watakuwa wamefanya vyema.

Tano, baada ya kuwinda. Leseni inajazwa: umepata nini, wapi, lini. Halafu inarudishwa. Ukitaka kubaki na pembe au ngozi kama kumbukumbu, omba hati ya kumiliki nyara. Bila hati, kumbukumbu inageuka ushahidi.

Tuseme na ukweli wa mfukoni. Ukijumlisha silaha, risasi, ada, safari na siku za kazi ulizoziacha, nyama hiyo inakuwa ghali kuliko mbuzi wa mnadani. Anayewinda kwa halali anafanya hivyo kwa sababu anapenda pori na ufundi wake. Kama unatafuta faida, utakatishwa tamaa mapema, na tamaa ikikatishwa ndipo mtu anapoanza kuongeza mnyama wa pili asiye kwenye leseni.

Njia zilizokatazwa

Hata mwenye leseni haruhusiwi kuwinda kwa njia yoyote anayotaka. Sheria inakataza sumu, mitego ya waya, mashimo, nyavu, moto wa kuzingira wanyama, mbwa, kumulika kwa taa usiku, na kupiga mnyama kutoka kwenye gari. Inakataza pia kuua wanyama wachanga, au jike mwenye mimba au anayefuatana na mtoto.

Wasikilizaji wetu hubishana sana juu ya mbwa na nyavu, kwa kuwa ndivyo wazee walivyofanya. Lakini fikiria kinachounganisha orodha hiyo: zote ni njia ambazo mwindaji hachagui. Waya hauulizi kama aliyeingia ni ngiri, ni funo mwenye mimba, au ni mbwa mwitu, mnyama ambaye ukanda huu wa Selous na Niassa ni moja ya ngome zake kubwa zilizobaki duniani. Sumu kwenye kisima cha maji haichagui kati ya swala, tai na mtoto anayechunga mbuzi. Juu ya uwanda wa Newala, ambako maji yamekuwa ya shida tangu enzi, kutia sumu kwenye maji ni unyama ambao hata anayeufanya hathubutu kuutaja.

Moto tuuzungumze peke yake. Kiangazi watu huwasha moto ili panya na ndezi watoke vichakani. Moto haurudi unapoitwa. Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo mikorosho inachanua na kushika. Moto ukitoka kichakani na upepo wa mchana, unaingia kwenye shamba la mjane aliyekwisha kulipia dawa ya kupulizia. Kitoweo cha jioni moja kinachoma ada ya shule ya mwaka mzima. Hakuna mkulungwa wa zamani ambaye angekuita mwindaji kwa hilo.

Kupiga vizuri, au kutokupiga

Hapa tunaingia kwenye maadili, mambo ambayo hakuna askari atakayekuwepo kuyaangalia.

La kwanza ni kumtambua mnyama kabla ya kidole kugusa kifyatulio. Tambua ni aina gani, dume au jike, mkubwa au mdogo. Kichaka kinachotikisika si mnyama. Kinaweza kuwa mama anayeokota kuni au mtoto anayetafuta ming'oko. Na ukishamtambua mnyama, angalia nyuma yake. Risasi inayomkosa inakwenda wapi? Mashamba yetu ya mikorosho yana watu wanaolala humo.

La pili ni kumuua haraka. Mnyama aliyesimama ubavu, risasi ikiingia nyuma ya bega, kwenye moyo na mapafu, anakufa upesi. Aliyekupa mgongo, anayekimbia, au aliye mbali kuliko uwezo wako, mwache. Kujua umbali wako ni sehemu ya ufundi. Wengi hujisifu kwa walivyopiga mbali. Mwindaji mzuri hujisifu kwa alivyosogea karibu: amebeba kifuko cha majivu, anapeperusha kidogo kuona upepo unaelekea wapi, anatembea akiukabili, anakanyaga kwa unyayo wa nje, anasubiri.

La tatu ni kumfuata aliyejeruhiwa. Ukimjeruhi, kazi yako ya siku hiyo ni yeye. Unafuata damu mpaka umpate. Kama ni nyati au mnyama mwingine mkali, toa taarifa haraka kwa askari wa wanyamapori na vijiji vya jirani, maana atakayekutana naye kesho ni mtu aliyekwenda kuchota maji. Kumwacha mnyama na risasi mwilini ukaenda kutafuta mwingine ni ukatili, na pia ni hatari kwa wenzako.

La nne ni kutumia ulichopata. Nyama yote iliwe, isiozee porini. Kwa wasikilizaji Waislamu, mjue mapema ni mnyama gani ataliwa nyumbani kwenu na achinjwe vipi, msije mkamtoa uhai kiumbe ambaye hamtamla. Na desturi ya zamani ya kugawa ni nzuri: jirani anayekula nawe hana sababu ya kukuonea kijicho.

La tano ni kujua kuacha. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Siku unayorudi mikono mitupu ukiwa umeona nyayo, umesikia kwale na umejifunza njia ya wanyama haijapotea.

Kinachohusu simba, nguruwe na sisi

Kuna watakaosema: maadili haya yanamsaidia nani kijijini? Tuwape mfano wa karibu.

Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha utafiti kuhusu simba kushambulia watu Tanzania. Walihesabu watu 563 waliouawa kati ya mwaka 1990 na 2004, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa. Wilaya nyingi zilizoumia zaidi ziko kusini na pwani, ukanda wetu. Walipotafuta sababu, walikuta mambo mawili yanakwenda pamoja. Mahali palipokuwa na mashambulizi mengi, pundamilia, kongoni na swala walikuwa wachache, na nguruwe pori walikuwa wengi.

Maana yake ni nini? Tukiwamaliza swala kwa waya, simba anabaki na nguruwe pori. Nguruwe anaingia kwenye mahindi na mihogo, na simba anamfuata. Na shambani usiku yupo nani? Yupo baba na watoto kwenye dungu, wanalinda mazao dhidi ya nguruwe. Kwa hiyo swala aliyeachwa porini anamweka simba porini.

Mnyama akiingia shambani

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kujitetea si kuwinda. Mnyama akihatarisha maisha yako au ya mwenzako, sheria inakuruhusu kujiokoa. Lakini ukimuua, toa taarifa mara moja kwa uongozi wa kijiji na bwana nyama. Nyama na viungo vyake vinabaki kuwa mali ya Serikali. Ukimficha na kumgawana, ile hali ya kujitetea inakuwa vigumu kuithibitisha.

Kwa nguruwe pori, nyani na tembo wanaokula mazao, peleka taarifa mapema. Andika tarehe, eneo la shamba na kilichoharibiwa, na ukiweza piga picha kwa simu. Serikali ina kanuni za kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa familia iliyopoteza mtu au kujeruhiwa. Fedha hizo hazilingani na hasara, na hakuna anayedai hivyo, lakini asiyetoa taarifa hapati hata hizo.

Afya: tusicheze

Kitoweo cha panya ni cha asili huku kwetu, na wenye utani wanakiita samaki nchanga. Hatuna haja ya kukionea aibu. Lakini kumbukeni Julai 2022, jirani zetu wa Ruangwa walipopata ugonjwa uliowatoa watu damu puani. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu walifariki. Wizara ya Afya ilithibitisha kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa kwa mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwemo.

Kwa hiyo: usichune mnyama yeyote ukiwa na kidonda mkononi bila kuvaa kitu cha kukinga. Nawa kwa sabuni. Pika mpaka iive kabisa. Mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe, usimguse na usimle, maana kimeta huua. Toa taarifa kwa mtaalamu wa mifugo. Ukipata homa baada ya kuchuna nyama, mwambie daktari kwamba ulishika mnyama.

Kwa kijana anayeanza

Kama una miaka 20 na huna hela ya silaha wala leseni, bado unaweza kuanza leo. Weka manati chini. Jifunze nyayo: ya ngiri, ya funo, ya kuro. Jifunze kutofautisha dume na jike kwa mbali. Waulize wazee majina ya wanyama kwa lugha yako kabla hayajasahaulika. Uliza kijijini kama wanahitaji vijana wa kusaidia kulinda wanyamapori. Ufundi wote wa mwindaji umo humo, isipokuwa risasi. Na siku utakapopata leseni, utaingia porini ukiwa unajua unachokitazama.

Ukiwa na swali ambalo hatujaligusa, tutumie ujumbe kupitia namba ya studio unayoisikia hewani. Usitaje jina la mtu wala kijiji kama unaogopa. Tutauliza kwa niaba yako, na tutakujibu wote mkisikia.